Mizani ya Kuomba Radhi kwa Kikorea

Yeyote atakaye kupima ubora wa radhi iombwayo kwa Kikorea hana budi kumtambua kwanza anayeombwa, ndipo ayasikilize maneno ya mwombaji, kwa sababu katika lugha hiyo umri, cheo na ukaribu wa watu ndiyo mambo yaamuayo sura ya kitenzi, na neno lililo pole kwa rafiki laweza kuwa ufedhuli kwa mwalimu. "Mianhae" ni halali baina ya marafiki wa rika moja. "Mianhamnida", ijapokuwa ina mwisho wa heshima, haitoshi mbele ya mzee au mkuu wa kazi, ambaye hustahiki "joesonghamnida". Na tamko rasmi la kampuni au kiongozi aghalabu husema "sagwadeurimnida", kitenzi kimnyenyekezacho msemaji kama mtu amtoleaye kitu aliye juu yake.

Baada ya daraja, tazama mpangilio. Radhi iliyo safi hutanguliza kosa: "neujeoseo joesonghamnida", yaani, kwa kuwa nimechelewa, naomba radhi, kisha hukiri kwa "je jalmosimnida", kosa ni langu, na likiwa zito, huahidi kutolirudia. Lakini ukikuta "bonui anige", bila kukusudia, katika sagwamun, ile barua ya kuomba radhi ambayo watu mashuhuri mara nyingi huiandika kwa mkono wao, jua kwamba udhuru umekwisha kuibatilisha, na Wakorea wenyewe hawachelewi kuukemea.

Mwili nao hutoa ushahidi: mikono imeshikana mbele, macho yako chini, mgongo huinama kwa kadiri ya kosa. Aliyemkanyaga mtu katika treni ya Seoul huinamisha kichwa tu, ilhali wakurugenzi wa kampuni iliyodhuru watu huinama hata nyuzi 90 mbele ya wapiga picha. Zama za ufalme wa Joseon, aliyekiri hatia kwa mfalme alipiga magoti juu ya mkeka wa majani makavu akingojea adhabu, desturi iitwayo seokgodaejoe.

Wala usihadaike na wingi, maana kuzidisha ni kasoro kama kupunguza: humlemea aliyekosewa hata akalazimika kumliwaza mkosaji. Radhi bora humwachia hadhi yake kamili pamoja na hiari ya kusamehe au kutosamehe. Ukiyaona hayo, hata lafudhi ikiwa ya mgeni, usisite kuihesabu kuwa njema.