Umba, Hakuna na Kuwa: Kiswahili na Suala la Chanzo cha Ulimwengu

Mnamo Juni 1844 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa amefika Mombasa mwaka huo huo, alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi Ali bin Muhidini. Mwezi uliofuata mkewe Rosine alifariki baada ya kujifungua, na mtoto naye hakuishi. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, katika eneo la Kisauni liitwalo leo Nyali. Habari hizi husimuliwa mara nyingi katika historia ya misheni. Lisilosimuliwa ni kwamba Mkristo huyo na Mwislamu huyo waliketi pamoja kuitafutia maneno itikadi ambayo dini zao zote mbili zilikuwa zimeifundisha kwa karne nyingi, yaani kwamba Mungu alivifanya vyote pasipo kutumia chochote. Je, lugha waliyoitegemea iliweza kulisema hilo?

Kitenzi kilichotawala katika tafsiri za baadaye, ile ya mwaka 1952 ikiwa mojawapo, ni umba. Hiki ni kitenzi cha mfinyanzi. Asili yake katika lugha za Kibantu ni kukanda na kutengeneza udongo, na Mkikuyu anayeishi Changamwe hana haja ya kufundishwa hivyo, kwani kwake jina Mumbi ni la mama wa kabila, na pia ni la mwenye kufinyanga. Anayeumba ana kitu mkononi. Ndiyo maana kitenzi hiki kinatulia vyema katika masimulizi ya Adamu, ambayo Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, aliyatungia utenzi uliochapishwa mwaka 1971: masimulizi hayo ni ya udongo tangu mwanzo. Kuhusu mbingu na nchi, umba kinanyamaza penye swali lenyewe. Yaweza kujibiwa kwamba neno halifungwi na asili yake. Anayesema "kuandika barua" hafikirii meza inayoandikwa kwa sahani. Jibu hilo ni sahihi, lakini linathibitisha tu kwamba umba kinaweza kuzoeshwa maana hiyo. Halithibitishi kwamba kinaitamka.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika ukanushi, na hapa wafasiri wa sayansi wamekuwa wazembe kuliko wafasiri wa dini. Kiswahili hakina nomino moja iliyo tayari kusimama badala ya kutokuwako kwa vitu vyote. Kina hapana, hakuna na hamna, na kila moja imebeba kiambishi cha mahali: pa, ku, mu. Msafiri anayefika Likoni akaambiwa "hakuna feri" amekanushiwa chombo tu. Kivuko kipo, maji yapo, na foleni ipo. Sarufi inaondoa kitu na kuliacha mahali pake palepale. Hivyo asemaye "hapo mwanzo hakukuwa na kitu" amekwisha kukiri, bila kukusudia, kwamba palikuwa na hapo.

Jambo hili si mchezo wa maneno, kwa kuwa ndilo lililowagawa wanafizikia wenyewe. Mwaka 1973 Edward Tryon alipendekeza kwamba ulimwengu huenda ulizuka kutokana na mtikisiko wa ombwe, kwa hoja kwamba nishati hasi ya mvutano yaweza kusawazisha nishati chanya ya maada hata jumla ikawa sifuri. Lawrence Krauss aliieneza fikra ya namna hiyo katika kitabu chake cha 2012, na mwaka huo huo mwanafalsafa David Albert akamjibu vikali kwamba ombwe la fizikia ya kwanta lina hali zake na kanuni zake, basi haliwezi kuitwa kutokuwako. Msomaji wa Kiswahili angeufahamu ugomvi huo upesi. Ombwe ni "hakuna" ya Likoni. Alexander Vilenkin, katika makala yake ya mwaka 1982, alikwenda mbali zaidi kwa kuondoa hata nafasi na wakati, ingawa kanuni za kwanta zilibaki. Kwake yeye kivuko nacho kimeondolewa, na hapo ku- ya hakuna haina pa kushika.

Kwa sababu hiyo, "utupu" ndilo chaguo dhaifu kuliko yote, japo ndilo linalopendwa. Mtungi mtupu ni mtungi. Biblia ya 1952 ililitumia neno hilo, pamoja na "ukiwa", kwa nchi ambayo tayari ipo, na ikafanya vyema. Kosa ni la wale wanaolihamisha hadi kabla ya nchi. "Kutokuwako" ni afadhali, lakini -ko yake ni mahali palepale pamejificha mwishoni.

Limebaki "kutokuwa", na kinyume chake, "kuwa". Katika mapokeo ya Kiislamu ya pwani, ambayo Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliyapa tafsiri kamili ya Kurani mwaka 1969, amri ya uumbaji ni neno hilo moja, lisilo na udongo wala mahali. Yamkini kadhi wa Krapf alilijua jambo hili vizuri kuliko mgeni wake. Hata hivyo kuwa nacho kina deni lake: amri huelekezwa kwa msikilizaji, na msikilizaji bado hajawa. Mfasiri wa Vilenkin, ambaye hana amri wala mwenye kuamuru, angetamani kuandika "ulimwengu ukawa" na kumaliza. Lakini -ka- hufuata tukio lililotangulia, na kwa maelezo ya Vilenkin hakuna lililotangulia. Itambidi atumie -li-, aandike "ulimwengu ulianza kuwa", na ajizuie kuweka neno "kabla" popote katika sentensi hiyo.