Mswidi Asikiapo Kidenmaki

Yasemwa mara nyingi kwamba Mdenmaki, Mnorwe na Mswidi ni ndugu watatu waliogawana nyumba moja, na kwamba kila mmoja akisema lugha ya kwao wengine wawili humwelewa. Neno hili lina ukweli, lakini ni ukweli wa macho kuliko wa masikio. Mpe Mswidi aliyesoma gazeti la Copenhagen, naye atalimaliza kwa taabu ndogo. Atakwama hapa na pale, atakisia, ataendelea. Msimamishe Mswidi huyo huyo mbele ya muuza mikate wa mji ule, naye huenda asipate hata bei ya mkate. Maandishi na sauti vimeachana, na sanaa ya nchi hizo, ambayo ingalitazamiwa kuudhihirisha mwachano huo, yaweza pia kuuficha. Kazi mbili zatosha kuwa kipimo: mchezo wa televisheni uitwao Bron kwa Kiswidi na Broen kwa Kidenmaki, ulioanza kuonyeshwa mwaka 2011, na filamu ya Bille August iitwayo Pelle Erobreren, ya mwaka 1987.

Kabla ya hukumu yafaa kujua taabu yenyewe iko wapi. Njia ya mjini kwa Kiswidi ni gata, kwa Kidenmaki gade. Keki ni kaka huku na kage kule. Kununua ni köpa na købe. Macho huona undugu mara moja, kwa maana palipo na t, k na p katika lugha moja, pana d, g na b katika nyingine, na msomaji akiisha kuijua kanuni hii amepata ufunguo wa maneno mamia. Sikio halina ufunguo huo. Mdenmaki asemapo huzilegeza konsonanti hizo zaidi ya alivyoziandika. D ya gade yakaribia dh ya neno dhahabu, lakini ulimi umelegea mno hata Waswidi wengi huisikia kama l. G ya kage hufifia, na pengine hutoweka. Tena kuna kile kikwazo cha koo ambacho Wadenmaki hukiita stød, kitu kinachofanana na hamza ya Waarabu: hun ni yeye mwanamke, hund ni mbwa, na d ya neno la pili haitamkwi hata kidogo; linalotenga mwanamke na mbwa ni huko kukwama kwa koo peke yake. Mswidi, ambaye lugha yake huyatenga maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti kama mwimbaji, husubiri wimbo asiupate.

Hesabu ni jaribu jingine. Hamsini kwa Kiswidi ni femtio, yaani tano za kumi, jambo lililo wazi. Kwa Kidenmaki ni halvtreds, kifupi cha neno refu lenye maana ya nusu ya tatu mara ishirini, yaani ishirini mbili na nusu yake. Tisini ni halvfems, nusu ya tano mara ishirini. Noti ya kroner 50 iliyotolewa Denmaki mwaka 1999 ilichorwa uso wa Karen Blixen, yule mwanamke wa Kidenmaki aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong na kuolewa na Mswidi, Bror Blixen. Noti hiyo ilifuatwa na nyingine isiyo na sura yake mwaka 2009. Neno halvtreds limebaki kama lilivyokuwa, na Mswidi aendeleaye kuinunua kahawa yake Copenhagen bado hulihesabu kwa vidole.

Wala isidhaniwe kwamba macho hayadanganywi kamwe. Rolig kwa Mswidi ni kitu cha kuchekesha, kwa Mdenmaki ni kitu kitulivu. Frukost ya Mswidi huliwa asubuhi, frokost ya Mdenmaki huliwa mchana. By ni kijiji upande mmoja na mji upande wa pili. Lakini haya ni makosa ya kuchekwa, na aliyekosea mara moja hakosei tena.

Wataalamu waliijua hatari hii zamani. Mwaka 1869 walikutana Stockholm watu wa nchi hizo tatu, Henrik Ibsen akiwa miongoni mwao, ili kuzisogeza tahajia zao karibu. Na yapo waliyofanikiwa, kwa kuwa Wadenmaki walipobadili tahajia mwaka 1948, wakaacha herufi kubwa mwanzoni mwa kila jina na kuitwaa herufi å, walifuata njia iliyoonyeshwa kule. Herufi zilitii mkutano; koo haikutii. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 kwa ajili ya nchi za Kaskazini ulionyesha kwamba vijana waliwaelewa jirani zao vibaya kuliko wazazi wao, na kwamba Kidenmaki ndicho kilichokuwa kizito kupita vyote kwa msikilizaji wa Stockholm. Mtu wa Malmö alikuwa na nafuu, na sababu si ngeni: jimbo lake la Skåne lilikuwa la Denmaki mpaka mkataba wa Roskilde wa mwaka 1658, na ng'ambo ya maji yake mji wa Copenhagen huonekana kwa macho. Siku hizi vijana wa pande mbili wakutanapo, wengi wao hukimbilia Kiingereza.

Sasa Bron. Maiti inakutwa katikati ya daraja la Öresund, lililofunguliwa mwaka 2000 kati ya Malmö na Copenhagen. Nusu yake imelala Uswidi na nusu Denmaki, na yagundulika kwamba nusu hizo ni za wanawake wawili. Kazi yapewa polisi wawili, Saga Norén wa Malmö na Martin Rohde wa Copenhagen. Yeye husema Kiswidi, huyu husema Kidenmaki, na kwa saa nyingi za mchezo maneno hupita kati yao kama maji katika mfereji uliosafishwa. Huku nyuma, televisheni ya Uswidi iliandika tafsiri ya Kiswidi chini ya picha kila Martin alipofungua kinywa, na ya Denmaki ikamwandikia Saga vivyo hivyo. Basi mtazamaji wa Stockholm aliketi akisoma kwa bidii maneno ambayo polisi wa Malmö, Mswidi kama yeye, aliyapokea bila kukunja uso. Mchezo ulimwomba aamini kwa Saga jambo ambalo maandishi yaliyo mbele yake yalikuwa yakilikana kwa nafsi yake.

Yaweza kujibiwa kwamba Malmö si Stockholm, na kwamba mwandishi wa hadithi ya mauaji hawezi kuisimamisha kila dakika ili mtu aulize umesema nini. Jibu hilo lina haki yake. Hakuna atakaye mauaji yageuzwe darasa la matamshi. Lakini itazame tabia ya Saga jinsi ilivyojengwa. Huyu ni mtu asiyefahamu mzaha, asiyejua la kunyamaziwa, asiyesikia kilicho chini ya maneno ya wenziwe. Hadithi yote yakaa juu ya kutoelewa kwake. Mtu wa namna hiyo amewekwa kando ya Mdenmaki mcheshi, asemaye kwa nusu maneno, na katika yote asiyoyafahamu kwake hamna hata silabi moja ya Kidenmaki! Hans Rosenfeldt na wenziwe walikuwa na kisima mlangoni nao hawakuteka. Kama Saga angelikosa neno la Martin, na mtazamaji asijue kama lililokosekana ni sauti au ni moyo wa msemaji, mchezo ungelipata kina ambacho damu yake yote haikuupa. Walioiga hadithi hii mwaka 2013, ikahamia mpaka wa Marekani na Mexico, hawakuweza kulipita jambo hilo kimya: polisi wa Mexico hana budi kusema Kiingereza, na kila asemapo mtazamaji ajua ni nani aliyevuka na ni nani aliyengojewa.

Filamu ya Pelle ilitoka kwa mtu mwingine na katika umaskini mwingine. Martin Andersen Nexø alipelekwa kisiwani Bornholm mtoto, mwaka 1877, naye aliufanya mwaka huo huo kuwa mwanzo wa riwaya yake, iliyotoka kwa sehemu nne kati ya 1906 na 1910. August alichukua sehemu ya kwanza tu. Lasse Karlsson, Mswidi mzee aliyefiwa na mkewe, awasili kwa meli pamoja na mwanawe mdogo, akimsimulia raha za nchi waiendeayo. Gatini waajiri wachagua wenye nguvu. Lasse aonekana mzee mno na mwanawe mdogo mno, na mpaka watu wamekwisha kutawanyika wawili hao bado wamesimama. Filamu hii ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1988, na sifa nyingi zilimwendea Max von Sydow kwa uso wake. Sauti yake yastahili sifa zaidi. Alizaliwa Lund, katika jimbo lile lile la Skåne, naye alimpa Lasse Kiswidi chake, hali waliomzunguka wasema Kidenmaki.

Hapa mhakiki asikivu ataleta shaka: lahaja ya Bornholm ni ndugu wa karibu wa lahaja ya Skåne, basi mkulima wa kisiwa na kibarua wa Skåne hawakuwa mbali kama Stockholm ilivyo mbali na Copenhagen. Ni kweli, na ndiko kwenye nguvu ya kazi hii. Lasse husikia, wala hakuna amri ya msimamizi impitayo. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumsikiliza. Mwanawe anapodhalilishwa na kijana wa shambani, Lasse amwahidi kisasi kwa maneno makubwa. Afikapo mbele ya wakubwa maneno hayo hayo yamwishia mdomoni. Kati ya mzee na mtoto Kiswidi ni lugha ya baba, na uani kwa matajiri ni alama ya mtu wa bei ndogo. Kazi ya kuelewa imetwikwa upande mmoja: bwana hana haja ya kujifunza sikio la kibarua wake. Bron haina swali hili, maana polisi wake wawili wana mshahara, gari na cheo sawa, na heshima ya kusikilizwa imegawanywa kwao kabla hadithi haijaanza.

Riwaya, kwa kuwa ni karatasi, yaweza kumwacha msomaji asahau ni nani asemaye lugha gani. Filamu hulazimika kutoa sauti, na August hakuigeuza kuwa moja. Pelle aliigizwa na mtoto wa Kidenmaki, na sikio latambua kwamba ulimi wake u karibu na wenyeji kuliko ulimi wa baba. Mtoto amevuka, wala haikutajwa siku aliyovuka. Mwishoni, katika theluji, aaga ili aende kuitafuta dunia. Lasse hana tena nguvu ya kumfuata. Amkumbatia, kisha arudi shambani, ambako kila afunguapo kinywa ajulikana kuwa mgeni.