Taadhima kwa Tabibu wa Meno

Miongoni mwa kazi za uganga zisizopewa taadhima inayostahili, imo ile ya tabibu wa meno katika miji midogo kama Igowole, huku Mufindi kwenye baridi na mashamba ya chai, kwa maana yeye humsaili mgonjwa asiyeweza kumjibu ila kwa kukoroma. Aghalabu mgonjwa huyo, aliyekesha usiku kucha akiugulia, akishafika mlangoni na kuliona koleo, hudai kwa kiapo kwamba maumivu yametoweka. Na mwingine, akiulizwa ni jino lipi, huelekeza kidole juu, kisha chini, na mwisho humwachia tabibu achague. Yuko pia mzee ambaye, akiisha kuagizwa aume pamba nusu saa na asisukutue hata kesho yake, huuliza kwa adabu kamili, mdomo ukiwa umekufa ganzi, kama ulanzi, ile pombe ya mianzi, nao unahesabiwa katika maji.

Tabibu hacheki, nami ningelicheka.

Tena fani hii ina fahari yake. Katika miaka ya 1980 ilianzishwa hapa Tanzania njia ya kuziba meno kwa zana za mkononi tu, pasipo umeme wala mashine: palipooza hukwanguliwa, na tundu likajazwa saruji ishikamanayo na jino. Njia hiyo imeenea nchi nyingi, na watoto, ambao huuhofu mvumo wa mashine kuliko maumivu yenyewe, hukaa kitini kwa utulivu, ijapokuwa wapo wanaomuuma tabibu kidole.