Mtapo Dume wa Raskazone

Ukitaka kumpambanua mkusanyaji wa mimea na mpenda maua, usiulize ana mimea mingapi. Ulizia mmoja tu: huu ulitoka wapi? Mpenda maua atakujibu kwamba aliununua sokoni. Mkusanyaji atakuvutia kiti.

Bibi wa Raskazone, Tanga, alituvutia mkeka. Tulikuwa na shoga zangu wa bustani kutoka Dar es Salaam, kila mmoja na viriba vyake mkobani, roho zikitutoka kwa hamu ya kuomba pingili. Yeye alianza na daftari. Kila mmea una mstari wake humo: ulikookotwa, ulikuwa juani au kivulini, kwenye kichanga au mwambani, na nani aliutoa. Ufundi wake wote umo katika mistari hiyo. Hamlazimishi mgeni kuzoea Raskazone. Humtafutia kipande cha Raskazone kinachofanana na kwao. Ndiyo maana upande wa bahari amepanda mivinje, kusi ikivuma na chumvi yake ikutane nayo kwanza.

Chukua saintpolia. Kwao ni milima ya Usambara na misitu ya jirani, kwenye nyufa za miamba yenye kivuli. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaipa jina la ukoo wao. Leo imejaa madirishani Ulaya na Marekani. Bibi ameipachika katikati ya vipande vya mawe ya chokaa, chini ya mwembe, mahali ambapo jua la mchana halifiki. Kisima chake kina chumvi, kwa hiyo saintpolia hunywa maji ya mvua kutoka kwenye simtenki. Huyamimina taratibu kando ya shina, kwa kikombe cha bati. Tone la maji baridi likikaa juu ya jani huacha baka. Tulipomwambia kwamba tangu mwaka 2015 wataalamu wameihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, alicheka. "Na waite watakavyo, wanangu. Mie nishaandika."

Mwaka huohuo wa 1893, Richard Hindorf alikuwa akileta mkonge pwani hii. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai, na mashamba yale yote yaliyoipa Tanga jina yakaanzia hapo. Bibi anao mmoja getini. Anasema ni kwa heshima ya historia. Mimi nadhani ni kwa ajili ya mbuzi wa jirani.

Kilichonishika zaidi ni zamiokulkasi, ule mmea wa majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Maduka ya Dar es Salaam huuuza ndani ya chungu cheupe, kwa bei ya kukukata maini, kana kwamba umeshuka na ndege. Na kweli wa chunguni huenda umeshuka na ndege, maana Waholanzi walianza kuuotesha kwa wingi miaka ya 1990. Lakini asili yake ni misitu na vichaka vya mashariki ya Afrika, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Bibi alichuma kijani kimoja, akakichomeka kwenye mchanga wenye unyevu. Kisha akachomoa kingine cha zamani kutoka kwenye kopo hilohilo. Kwenye kikonyo palikuwa na kitunguu kidogo, hakijazidi punje ya choroko, na mizizi miwili mitatu myeupe. Jani lenyewe lilikuwa bichi vilevile, halijachipua chochote. Akakirudisha mchangani na kuandika tarehe.

Mtapo, yaani saikadi, uko nyuma ya nyumba, peke yake. Mitapo ni ya pwani hii ya Kenya na Tanzania, na biashara ya kimataifa ya ile ya porini imepigwa marufuku. Wa Bibi ulitoka kwenye kiwanja kilichokuwa kinasafishwa kujengwa nyumba. Ni dume. Kila ukichanua hudondosha chavua ya manjano mpaka chini kunakuwa kama kumemwagwa unga, na yote hupotea bure, kwa sababu jike hana.

Shoga yangu mmoja akasema kwamba kwa shangazi yake Pangani uko mtapo wenye mbegu kubwa nyekundu. Bibi aliinuka kwenye mkeka haraka kuliko nilivyodhani magoti yake yangeruhusu. Jike! Mazungumzo ya pingili yakafia hapo. Tatizo ni kwamba dume na jike si lazima wachanue pamoja, kwa hiyo chavua ikaushwe vizuri, ifungwe kwenye karatasi, ikae kwenye friza hadi jike afunguke. Friza ya Bibi imeharibika. Ya shangazi imejaa samaki. Tulipoagana, Bibi na shoga yangu walikuwa bado wanabishana friza ya nani watoto hawaifungui hovyo.