Kumcheka na Kucheka Naye: Urafiki wa Watu Wenye Ulemavu wa Akili katika Flowers for Algernon

Riwaya ya Daniel Keyes, Flowers for Algernon, ilichapishwa mwaka 1966, ikiwa imekuzwa kutokana na hadithi fupi ya mwaka 1959. Aghalabu husomwa kama hadithi ya sayansi inayojikwaa: Charlie Gordon, mwanamume wa miaka 32 mwenye kipimo cha akili cha 68, anapasuliwa ubongo, anakuwa bingwa wa maarifa, kisha anarudi alikotoka. Usomaji huo una mashiko, ila unaliacha kando jambo analolitaja Charlie mwenyewe tangu kurasa za mwanzo: anaitamani akili kwa kuwa anaamini itampatia marafiki. Makala hii inaifuata riwaya kwa njia ya tamanio hilo. Inadai kwamba Keyes ameufichua barabara urafiki wa bandia, lakini hakumbunia mhusika wake rafiki aliye sawa naye.

Katika bekari ya Donner jijini New York, Charlie amefagia na kupeleka mizigo kwa miaka 17. Joe Carp na Frank Reilly ndio anaowaita marafiki. Wanampeleka baa, wanamlewesha, wanamtuma nje akaangalie kama mvua inanyesha, akirudi, hawapo. Hapa sarufi ya Kiswahili inampa mhakiki nyenzo nzuri. Katika “kumcheka”, kiambishi cha yambwa humfanya mtu kuwa shabaha ya tendo. Katika “kucheka naye”, humketisha upande mmoja na mtendaji. Kwa miaka yote hiyo Charlie anadhani wenzake wanacheka naye. Tukio ambalo riwaya inaligeuza kuwa jeraha, kubwa kuliko hata upasuaji wenyewe, ni pale anapong'amua kwamba walikuwa wakimcheka.

Vitenzi vinavyofaa kuyaeleza mahusiano yake vina umbo hilohilo karibu vyote. Bekarini wanamtuma, wanamsukuma, wanamlewesha. Maabarani wanampima, wanampasua, wanamfundisha, na hatimaye wanampeleka Chicago kumwonyesha kwa wataalamu wenzao. Nia za makundi hayo mawili hazifanani hata kidogo, lakini nafasi ya Charlie katika sentensi ni moja. Kauli ya kutendana, ile ya kupendana, kuzoeana na kugombana, haimfikii. Ni kweli kwamba vitenzi hivi ni vya msomaji wa Kiswahili, wala Keyes hakuviandika. Uhusiano vinaoutaja, hata hivyo, ni wake.

Msomaji wa Tanzania anaweza kuuliza kama mzaha wa bekarini si aina ya utani. Swali hilo lina uzito, kwa sababu utani nao huruhusu matusi, kunyang'anyana na kuaibishana. Lakini utani, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo unaohusishwa na misafara ya karne ya 19, una sharti moja lisilovunjwa: anayetaniwa ana haki ya kujibu, na jibu lake halichukiwi. Charlie hana haki hiyo. Uthibitisho unakuja mara tu anapoipata akili ya kujibu. Anapoboresha kazi za mashine na kuanza kuzungumza kama mtu mzima, wafanyakazi wanatia saini barua ya kutaka afukuzwe. Fanny Birden peke yake ndiye anayekataa. Watu waliomcheza kwa miaka 17 hawakuweza kuvumilia kutaniana naye kwa wiki chache.

Kutokana na hayo, dhana ya stadi za kijamii inahitaji kutazamwa upya. Mafunzo mengi kwa watu wenye ulemavu wa akili huanza na kusalimia, kusubiri zamu, kuomba radhi na kusikiliza, na mafunzo hayo yana faida yake. Ila Charlie wa mwanzo anayo karibu yote: ni mpole, anashukuru, anasamehe upesi mno. Upungufu uko kwa Joe na Frank. Tena akili yake inapopanda, stadi hizo zinashuka. Anakuwa mkali, mwenye kiburi, mgumu kuvumilia waliomfundisha. Riwaya inautenga uwezo wa akili na uwezo wa kuishi na watu kwa uwazi ambao wasomaji wake wengi hupita bila kuuona.

Kuna suala la tafsiri linalogusa kicheko hichohicho. Riwaya imeandikwa kama ripoti za Charlie mwenyewe, na udhaifu wake unaonekana katika tahajia mbovu. Tahajia ya Kiswahili hufuata matamshi kwa karibu, kwa hiyo mbinu hiyo haihamishiki kwa urahisi. Mfasiri atakayekimbilia kuchanganya r na l, au kuvuruga upatanisho wa ngeli kama katika “kitabu yangu”, atamfanya Charlie asikike kama mtu wa eneo fulani, na msomaji atacheka lafudhi ya jirani yake. Huko ni kurudia kosa la bekarini.

Udhaifu wa Keyes unajitokeza pale Charlie anapokutana na watu wa hali yake. Mgahawani, kijana muosha vyombo anavunja sahani. Wateja wanacheka, na Charlie naye anajikuta akicheka kabla ya kushtuka na kuwakemea wote. Ni ukurasa wenye ukweli mchungu. Lakini kinachofuata ni kurudi kwenye utafiti ili awasaidie watu kama yule. Hamuulizi kijana jina lake. Wanafunzi wenzake katika kituo cha Beekman nao hawapewi mazungumzo ya maana. Anaporudi kuketi darasani baada ya akili kumtoka, macho ya riwaya yanamfuata mwalimu anayekimbia akilia, na waliobaki vitini hawatazamwi.

Mara moja tu pazia linafunguka. Akitembelea makao ya Warren, Charlie anamwona kijana amempakata mwenzake, na mwenyeji wake anaeleza kwamba wawili hao wana akili ya kutosha kutafuta upendo wa binadamu mwingine. Huu ndio urafiki wa kweli wa wenza katika kitabu kizima, nao unaonekana kupitia mlango, machoni mwa mgeni aliye katika kilele cha akili yake. Hauna maneno. Keyes alijua kwamba upo. Hakupata, au hakutafuta, sauti ya kuusimulia kutoka ndani, ingawa ni yeye aliyethubutu kumpa Charlie kalamu tangu ukurasa wa kwanza.

Mwishoni Joe na Frank wanabadilika. Charlie anarudi kufagia, mfanyakazi mgeni anamuumiza, nao wanamtetea. Ni mabadiliko ya kweli na yanagusa, ila kitenzi bado kina yambwa. Aliyeshiriki naye hali moja ni panya Algernon, mpinzani wake katika mashindano ya njia za maabara, aliyepasuliwa kama yeye na kuharibikiwa kama yeye. Ombi la mwisho la Charlie ni maua kwa kaburi la panya huyo. Kisha anaondoka kwenda Warren, akitumaini kupata marafiki huko, na riwaya inafungwa kabla hajafika walipo wale vijana wawili.