Kabla ya Sindano

Makao makuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar yapo Tunguu, ila mizizi ya mafunzo yake ya uuguzi ipo Mbweni, kwenye kilichokuwa Chuo cha Sayansi za Afya kabla ya kuunganishwa nacho. Somo la dawa ndilo linalowatoa jasho wanafunzi, na wanaolimudu wanastahili pongezi pamoja na walimu wao.

Daktari ameandika gentamisini miligramu 60; ampuli ina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Ivutwe kiasi gani? Moja na nusu. Hesabu ya skuli ya msingi, mtu atasema. Haya, ifanye saa tisa za usiku, mtoto analia, na mama yake hakubandui macho mikononi.

Halafu majina. Unguja, wodi moja haikosi Fatma Ali wawili. Muuguzi aliyefunzwa vyema haulizi, "Wewe ni Fatma?" Humwacha mgonjwa ataje mwenyewe majina yake matatu.

Mtihani mkubwa ni magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Kabla ya kurudia dozi, goti hugongwa kuona kama mguu unaruka, pumzi huhesabiwa zisipungue 16 kwa dakika, na mkojo hupimwa usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri. Na kalsiamu glukoneti, inayozima sumu yake, huwekwa karibu na kitanda, pamoja na bomba la sindano.