Basi, San Andreas na gemu zinazotuhusu

Mwezi wa tatu tulipata mgeni kwenye kituo cha vijana. Alikuja na laptop moja yenye gemu tatu, zote za vita, mipaka na wakimbizi. Alikuwa mtu wa heshima, alikaa nasi siku mbili, hata chapati ya mayai ya barabarani alikula. Kabla ya kuondoka akatoa pendekezo: hizi tatu tuziweke, na ile San Andreas iliyo kwenye pleisteshen yetu tuiondoe, maana inafundisha vijana bunduki na wizi. Wakubwa wangu wakasema, wewe ndiye unakaa na vijana, zicheze zote halafu utuambie. Nimecheza miezi miwili. Nasema hapa juu kwenye fomu ya ripoti nafasi ya maoni ilikuwa mistari minne.

Kwanza mjue vijana wenyewe wanacheza nini. Hapa Nakivale mpira ndio wa kwanza. Pleisteshen 2 ni mashine ya mwaka 2000, watu wa mijini walishaisahau, lakini kwetu inaendelea juu inavumilia vumbi, inakubali diski ya kuchoma, na sola yenye inverta inaibeba pamoja na televisheni ndogo. PES ya mwisho kutoka kwa mashine hiyo ni ya 2014. Lakini nenda kibanda chochote cha gemu Base Camp, utakuta wachezaji wa msimu huu wamo, kuna mafundi wanaopachika majina mapya kwenye gemu ya zamani. Uso si wake, mbio si zake, ila jina liko mgongoni na vijana wanaridhika. Asiye na shilingi za kibanda ana Dream League kwenye simu, haiombi bando. Free Fire ni ya wenye pesa: watu hamsini wanashuka na parashuti kwenye kisiwa, anabaki mmoja, na mtandao ukikwama katikati ya risasi umekufa kabla hujajua nani amekuua.

Mimi mpira wa gemu siupendi sana, nafungwa. Lakini lazima niseme ukweli, hakuna gemu nyingine inayokalisha watu wawili kwenye benchi moja, bega kwa bega, wakiangalia upande mmoja. Nimeona vijana wawili ambao wazazi wao hawasalimiani kwenye foleni ya maji wakigombania padi ile nzima, halafu dakika mbili baadaye mmoja anamfundisha mwenzake kupiga krosi. Hakuna semina iliyowaambia wafanye hivyo.

Sasa San Andreas. Ilitoka 2004, na kila mtu anayeisema vibaya ameiona dakika tano. Hadithi yake ni ya kijana anaitwa Carl, CJ, anayerudi nyumbani Los Santos mwaka 1992 kwa sababu mama yake ameuawa. Hajafika hata nyumbani, polisi wanamsimamisha njiani, wanamchukulia pesa zake, wanamtupa kwenye mtaa wa maadui. Hiyo ndiyo dakika ya kwanza ya gemu. Siku niliyoieleza kwa Kiswahili, sababu vijana wengi walikuwa wanaruka yale maneno ya Kiingereza, kituo kizima kilinyamaza. Mmoja akauliza, "Sasa mama wamemzika bila yeye?" Miaka miwili walikuwa wanaendesha yule mtu bila kujua ana msiba.

Na wanafanya nini naye? Nilikaa na daftari siku nne nikiandika. Wanampeleka jim apate kifua. Wanamlisha mpaka anenepe, wanacheka, halafu wanampandisha baiskeli apungue. Wanamnunulia nguo. Wanaenda kusimama juu ya mlima kuangalia jiji usiku. Ndiyo, wanaiba magari, na ndiyo, wanapiga watu, na kuna mambo kuhusu wanawake katika gemu hiyo ambayo mimi kama msichana yananichefua, sitayatetea hapa. Kasha lake lenyewe linasema si ya watoto. Lakini kusema kijana wa kambini anajifunza bunduki kwenye San Andreas, hapo nilishindwa kujizuia kucheka. Alitoka wapi huyo kijana? Bunduki aliifahamu kabla hajafahamu umeme.

Kuna jambo moja zaidi, na mgeni wetu sikupata nafasi ya kumwambia. Wengi mnamjua Lual Mayen, yule wa Sudan Kusini aliyekulia kambini hapa hapa Uganda, upande wa kaskazini. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu ili apate dola 300 za laptop, na yeye alitembea masaa matatu kwenda mahali pa kuichaji. Baadaye akatengeneza gemu yake ya amani, Salaam, unakuwa mtu anayekimbia vita, na mwaka 2018 akapewa heshima Marekani kwenye Game Awards. Mashirika yanapenda sana kusimulia habari hii, nimeisikia kwenye warsha tatu. Kinachorukwa ni gemu iliyomfungua macho, ile iliyokuwa kwenye laptop yake. Ilikuwa Vice City, dada yake San Andreas. Bunduki zile zile, magari ya kuiba yale yale. Aliitazama akajiuliza kitu kama hiki kinatengenezwaje, na kwa nini kisiwe cha amani. Tungekuwa tumemwondolea mapema, sijui angeuliza nini.

Tuje kwenye laptop.

Ya kwanza ni This War of Mine, ya kampuni ya 11 bit studios ya Poland, ilitoka 2014. Waliitengeneza wakifikiria mji wa Sarajevo ulivyozingirwa miaka ya tisini. Wewe si askari. Una raia wachache katika nyumba iliyotobolewa na mabomu: Bruno mpishi, Katia mwandishi wa habari, Pavle aliyekuwa mchezaji wa mpira. Mchana huwezi kutoka, kuna wapiga risasi wa kuvizia, basi unapika, unachuja maji ya mvua, unaziba matundu ukutani. Usiku unachagua mtu mmoja aende kutafuta chakula na wengine walale au walinde mlango. Nani anatoka usiku. Watu wa gemu hii wamejua kwamba hilo ndilo swali, na nawavulia kofia. Nimecheza gemu nyingi za vita ambamo hakuna mtu anayesikia njaa.

Niliiwasha mbele ya vijana sita. Mmoja, ana miaka kumi na saba, ndiye fundi wetu wa kila kitu, aliangalia ile nyumba, akasikia mlio wa mizinga ya mbali, akasimama. "Yaya," akaniambia (kwetu yaya ni dada au kaka mkubwa, ndugu zangu wa Nairobi msicheke), "ile miye nilishachezaka kwetu." Akatoka nje. Hakukasirika, alienda tu kucharji simu za watu. Watano walibaki.

Hao watano walicheza vizuri kuliko mimi. Siku ya tatu mimi Bruno wangu alikuwa na njaa mpaka hawezi kusimama. Wao walikuwa na akiba. Halafu wakafika kwenye nyumba ya wazee wawili, mume na mke. Wamejaa chakula na dawa, hawana silaha, na yule mzee anakufuata chumba hadi chumba anakuomba usichukue, mke wake mgonjwa. Ukichukua, hakuna anayekuzuia. Ila ukirudi nyumbani, wenzako wanahuzunika, wanakaa chini, mwingine hafanyi kazi tena. Vijana walibishana karibu saa nzima, mpaka betri ikalia. Msichana mmoja alisema tuchukue nusu. Mwingine akasema hakuna nusu ya kuiba. Mvulana mdogo kuliko wote akasema: kwa nini tusikae nao? Wao wana chakula, sisi tuna nguvu, tuwachotee maji, tuwalindie mlango. Akabonyeza kila kitufe kutafuta hiyo njia. Haipo. Gemu inakuruhusu kumwibia mzee au kumwacha. Kuwa mtoto wake haikuruhusu.

Hapo ndipo mimi na gemu hii tulipoachana kidogo. Ni gemu nzuri, naisifu, lakini ni vita ya watu wasiojuana. Ndani ya ile nyumba hakuna bibi, hakuna mtoto wa jirani uliyemkuta barabarani ukamfanya wako, hakuna anayesali kwa sauti. (Watoto waliongezwa baadaye, 2016, kwenye toleo lingine, yetu ni ile ya kwanza.) Na wanakaa. Sisi hatukukaa, tulitembea, na chungu kichwani. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuiingiza kwenye orodha ya vitabu vya ziada vya sekondari, na naona walifanya sawa. Watoto wao wanahitaji kuulizwa nani anatoka usiku. Wa kwetu walishajibu.

Ya pili, Papers, Please. Aliitengeneza mtu mmoja, Lucas Pope, mwaka 2013. Nchi ya uongo inaitwa Arstotzka, mwaka 1982, na wewe ni ofisa wa mpaka kwenye kibanda. Mtu anaingia, anakupa pasi, unalinganisha tarehe, picha, mhuri, unagonga ndiyo au hapana. Unalipwa kwa kichwa. Ukikosea mara mbili kwa siku unaonywa, ya tatu wanakukata mshahara. Jioni unalipa kodi ya nyumba, chakula na joto, na pesa ikipungua mtoto anaumwa. Sheria zinaongezeka kila siku: leo pasi tu, kesho kibali, keshokutwa karatasi nyingine tena.

Nilidhani vijana watawahurumia wasafiri. Wapi! Wamekuwa maofisa wabaya kuliko waliowahi kukutana nao. Wanagonga HAPANA kwa raha, wanapiga meza. Wamesimama kwenye foleni maisha yao yote, leo wamepewa mhuri. Siku ya tano ya gemu anakuja bwana mwenye karatasi zote kamili, anapita, anakwambia mke wangu yuko nyuma yangu, uwe mpole. Mke hana kibali. Ukimpitisha unapata onyo. Msichana aliyekuwa anacheza alikuwa tayari ana maonyo mawili. Akakaa na mkono kwenye mausi muda mrefu, akamrudisha. Hakusema kitu mpaka tumefunga laptop. Ndipo akasema, "Sasa nimejua kwa nini yule wa dirishani hatuangaliagi usoni."

Hii ndiyo bora ya zote tatu, na nawaomba ndugu zangu wa mashirika mnaosoma jarida hili muicheze ninyi. Si kwa ubaya. Ichezeni wiki moja, wawili wawili, halafu tukae tunywe chai tuzungumze kuhusu foleni.

Ya tatu inaitwa Bury Me, My Love, ya 2017, ya simu. Nour anaondoka Syria kwenda Ulaya, mume wake Majd anabaki kuangalia mama yake na babu. Wewe ni Majd. Huoni barabara wala bahari, unaona ujumbe tu, kama WhatsApp, na unachagua umjibu nini. Miisho iko kumi na tisa. Nilisoma kwa Kifaransa, imeandikwa vizuri, wanataniana kama watu wanaopendana kweli. Ndiyo gemu pekee niliyoiona inayojua kuhusu anayebaki. Unaweza kuicheza kwa saa za kweli: Nour anaandika kwamba anapanda chombo, halafu kimya, na simu yako inakaa mfukoni masaa mengi bila kitu.

Sijaimaliza. Nina kaka yangu aliyepita njia nyingine, ujumbe wangu wa mwisho kwake una tiki moja. Siku Nour aliponyamaza nilijikuta naangalia simu bila kujua nangoja nani kati yao. Nikaifuta. Si kosa la gemu, pengine ni sifa yake kubwa, ila kituoni haitaingia nikiwa hapo.

Niliyowaambia wakubwa ni haya. San Andreas inabaki, baada ya saa kumi jioni, kwa waliotimiza miaka kumi na sita, na mimi nitaendelea kutafsiri. This War of Mine iwepo kwa anayeitaka mwenyewe, mlango ukiwa wazi, bila kumwuliza mtu maswali akitoka. Papers, Please ipelekwe ofisini kwa wafanyakazi. Walicheka, lakini wameipeleka.

Na nikaomba memori kadi moja. Ni ya yule fundi wetu aliyetoka nje. Yeye ana Bus Simulator Indonesia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Gemu hiyo inakuruhusu kulipaka basi rangi unazotaka, na vijana wa Afrika Mashariki wameshatengeneza mabasi yetu mengi humo. Hakuna risasi, hakuna bao, hakuna kushinda kwa maana. Unapakia abiria, unapiga honi, unasimama kwenye taa nyekundu, unaendesha. Wakaguzi wa gemu wangesema inachosha, na mimi nilichoka baada ya nusu saa. Yeye anaendesha mchana kutwa. Basi lake ni jekundu, amelichora mwenyewe, na simu imejaa.

Juzi nilimkuta chini ya mti karibu na sola, nikamwuliza anaelekea wapi. Akasema Surabaya. Nikamwuliza huko Surabaya kuna nini.

"Stendi, yaya," akasema, na akabadilisha gia.